Uliza Kuhusu Majengo: Nyumba ya babu Madukani, kanisa la Mpwapwa, na hela za wafadhili

Mbukwenyi wasomaji. Mwezi huu meseji zenu nyingi zimeangukia sehemu moja, majengo ya zamani, na karibu kila mtu swali lake linaishia palepale, hela inatoka wapi. Nimechagua tano. Wengine nimewajibu kwa simu, na yule wa Singida aliyetuma picha za giza tupu atume tena mchana tafadhali, sioni kitu.

*

Shikamoo mzee. Marehemu babu alituachia nyumba ya duka Madukani hapa Dodoma mjini. Ni ya zamani sana, kuta nene za mawe, mbele baraza yenye nguzo za mbao, milango ni ile mirefu ya mbao ya kukunja. Paa linavuja, na plasta inamomonyoka kuzunguka nyumba yote, kuanzia sakafuni kupanda kama mita moja. Fundi anasema tubandue tupige saruji nzito na juu tubandike vigae. Baba mdogo anataka tuuze, kuna mtu anataka kiwanja apandishe ghorofa. Mimi na dada zangu hatutaki. Je serikali ina hela za kutengeneza nyumba kama hizi? Nimesikia na ubalozi wa Marekani unatoa. Tuanzie wapi? – Mjukuu, Dodoma

Marahaba mwanangu, na poleni na msiba.

Naanza na hela maana najua ndiyo umeirukia kwanza. Usitegemee serikali ikulipie fundi wa nyumba ya familia, na kuna sababu ambayo watu wa Dodoma wengi hawaijui. Tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ikafanyiwa marekebisho 1979. Sheria hiyo inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Sasa piga hesabu, huu mji wetu umeletwa na reli ya Mjerumani, wameanza kuijenga Dar 1905, wamefika hapa 1910, na maduka yakafuata reli. Kwa hiyo hata kama nyumba ya babu ndiyo kongwe kuliko zote mtaani kwenu, kwa mwaka peke yake haiingii. Kilwa inaingia, Kaole inaingia, Dodoma mjini hatuna cha kuingiza kwa mlango huo. Mlango uliobaki ni Waziri kulitangaza jengo kuwa la kumbukumbu kwenye Gazeti la Serikali, na hilo linaombwa kupitia Idara ya Mambo ya Kale, Wizara ya Maliasili na Utalii, ofisi zao siku hizi ziko hukuhuku Dodoma. Ila mjue mnachoomba: kikishatangazwa huwezi tena kuvunja ukuta au kubadili dirisha bila kibali, na tangazo haliji na bahasha ya hela. Linazuia greda, basi.

Ubalozi wa Marekani ni kweli, wana mfuko wa mabalozi wa kuhifadhi utamaduni ulioanza 2001 na hapa kwetu umefanya kazi kubwa, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara peke yake zilipata dola 700,000 kupitia World Monuments Fund, shirika la kimataifa la kuhifadhi majengo ya kale. Lakini masharti yao hayagusi mali ya mtu binafsi wala ya biashara. Nyumba yenu ni vyote viwili. Kwa hiyo mtu akija nyumbani akasema mpeni laki mbili ya "kufuatilia fomu za ubalozi" mfukuzeni.

Kabla hujamgusa fundi, karatasi. Nani msimamizi wa mirathi? Kama mahakama haijateua mtu, baba mdogo hana uwezo wa kuuza na nyie hamna uwezo wa kuamua lolote juu ya nyumba, mko sawa wote, na hapo ndipo nyumba za wazee zinapofia, ndugu wanagombana miaka kumi huku mvua inaingia kwenye kenchi. Nendeni mkafungue mirathi. Halafu tafuteni hati. Kama babu alikuwa na hati ya CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyokuwa inagawa viwanja hapa, zile zilikuwa za miaka 33, na CDA yenyewe ilivunjwa 2017 shughuli zake zikahamia halmashauri, kwa hiyo ulizeni Jiji kuhusu kubadilisha kuwa ya miaka 99. Ukikuta karatasi yenye jina la Msajili wa Majumba simama hapohapo, maana 1971 serikali ilitaifisha majengo mengi ya kupangisha ya mjini, na yaliyokuwa chini ya Msajili yakaja kuingia Shirika la Nyumba 1990. Nimeona familia imekaa kwenye nyumba vizazi viwili inadhani ni yake kumbe ni mpangaji, na mpangaji harusiwi kugusa paa bila mwenye nyumba.

Karatasi zikishakaa sawa, paa. Paa kwanza, na kabla ya paa halijakaa sawa usinunue hata mfuko mmoja wa kitu kingine. Mpandishe mtu asubuhi aangalie misumari iliyolegea, bati zilizokula kutu kwenye maungio, na zile mbao za kenchi zinapoingia ukutani, hapo ndipo mchwa wanapoanza, achokoe na bisibisi, ikizama kama kwenye ndizi hiyo mbao imekwisha. Halafu mfereji. Nyumba za zamani za Madukani nyingi mifereji iliondoka zamani na haikurudi, maji yanamwagika moja kwa moja kwenye msingi, na mvua za Dodoma ni chache lakini zikija zinakuja kwa hasira, Desemba mpaka Aprili.

Sasa hiyo plasta inayomomonyoka chini mita moja. Hapo fundi wako simkubali. Ukuta wa mawe wa zamani umeshikwa na chokaa au udongo, hauna ile karatasi ya nailoni tunayoweka siku hizi juu ya msingi kuzuia unyevu. Maji ya ardhini yanapanda ndani ya ukuta yakiwa na chumvi, yanatafuta pa kutokea. Chokaa inapitisha, maji yanakauka nje, chumvi inabaki kwenye plasta, plasta inachakaa taratibu na unaibadilisha baada ya miaka mingi, yaani plasta imekufa badala ya ukuta. Ukipiga saruji nzito na vigae umeziba mlango, maji yatapanda juu zaidi kutafuta upenyo mwingine, leo ni mita moja kesho ni mita moja na nusu, na ndani jiwe linaanza kusagika bila wewe kuona. Miaka miwili nyumba itapendeza kweli, picha za instagramu zitatoka safi, mwaka wa tatu vigae vinaanza kudondoka na vipande vya ukuta.

Fanyeni hivi. Bandueni plasta iliyolegea tu, ile inayolia tupu ukiigonga, nzuri iacheni. Ukuta uachwe wazi kiangazi kizima ukauke, upigwe brashi kavu kutoa ile chumvi nyeupe, na isifagiliwe ikaachwa pale chini maana itarudi. Nje ya nyumba angalieni ardhi, mara nyingi barabara imeinuliwa mara tatu na baraza ikamwagiwa zege, sasa ardhi ya nje iko juu kuliko sakafu ya ndani, chimbeni mtaro muushushe. Halafu plasta ya chokaa, sehemu moja chokaa, tatu mchanga wa mto uliochekechwa. Chokaa ya mifuko ya dukani ile ya kupaka kuta inafaa ila iloweke kwenye pipa angalau wiki kadhaa, iwe kama mtindi mzito, usiitie maji asubuhi ukaipiga mchana. Ipigwe nyembamba, tabaka kwa tabaka. Na hapa kwetu adui mkubwa wa chokaa ni upepo, huu upepo wa Dodoma wa Julai mpaka Septemba unakausha plasta kabla haijashika, inapasuka utandoutando, kwa hiyo tundikeni magunia yaliyolowa mbele ya ukuta na kuyanyunyizia asubuhi na jioni siku kadhaa. Fundi atalalamika kwamba kazi inachelewa. Ndiyo, inachelewa, mlipeni kwa siku wala si kwa mita.

Milango ya kukunja msiuze! Kuna watu wanapita mitaani kununua milango ya zamani wanapeleka wanakojua wenyewe. Mjue pia sheria hiyohiyo ya mambo ya kale ina kipengele cha milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya 1940, zile zenye nakshi, hizo ni vitu vinavyolindwa na kuzitoa nchini bila leseni ni kosa. Ya kwenu ya kukunja sidhani kama ina nakshi lakini hata hivyo.

Na baba mdogo. Usiende kwake na maneno ya urithi na historia ya mji, atakuona mtoto. Nenda na hesabu. Toka serikali ilipotangaza kuhamia hapa Julai 2016 fremu za maduka za katikati ya mji hazikai tupu, nyumba yenu ina fremu ngapi, zikikarabatiwa zitaingiza kodi kiasi gani kwa mwaka, ukilinganisha na bei anayopewa ambayo ikigawanywa kwa warithi wote inabaki ya kununua pikipiki. Kodi ya fremu moja ilipe paa, paa likiisha fremu ya pili ilipe plasta. Hiyo ndiyo "fandi" yenu, na haina fomu. Mkianza kazi ombeni kibali cha ujenzi Jiji, hata kwa ukarabati, msije kupigwa X nyekundu katikati ya kazi.

*

Bwana Yesu asifiwe mtumishi. Mimi ni mzee wa kanisa wilayani Mpwapwa. Kanisa letu la zamani la wamisionari limekuwa dogo na ukuta mmoja una ufa mkubwa. Kamati ya ujenzi imeshapitisha kulivunja na kujenga kubwa palepale. Baadhi yetu wazee tunaumia. Vijana wanasema linaweza kuua watu. Ushauri? – Mzee wa Kanisa

Amina mzee wangu. Vijana wana hoja na msiwabeze, jengo lenye ufa si la kuombea tu. Desemba 2020, siku ya Krismasi, sehemu ya Beit el Ajaib, ile Nyumba ya Maajabu ya Unguja, ilianguka wakati ukarabati unaendelea na watu wawili walifariki. Jengo la 1883, la Sultani Barghash, liko ndani ya Mji Mkongwe ambao ni urithi wa dunia tangu 2000, hela za Oman zilikuwepo, na bado. Dalili zilianza zamani, 2012 baraza moja lilishadondoka. Kwa hiyo hela ikichelewa haiokoi.

Lakini ufa peke yake hausemi jengo limekufa. Unachotaka kujua ni kama unatembea. Chukueni jipsamu au saruji nyepesi, pakeni kidonge cha ukubwa wa kiganja juu ya ufa, sehemu tatu, juu, katikati na chini, mwandike tarehe juu yake kwa msumari. Kaeni masika na kiangazi. Kidonge kikipasuka ufa unatembea, huenda msingi unazama upande mmoja, labda kuna mti karibu au maji ya paa yanamwagika pale, mwiteni injinia. Kikibaki kizima, ufa huo ni wa zamani, ulishatulia huenda kabla hata ya wewe kubatizwa, unazibwa kwa chokaa na kushonwa kwa mawe na maisha yanaendelea. Wakati mnasubiri wekeni mbao za kuegemeza na msikalishe watoto wa Sunday school upande ule.

Kuhusu kujenga kubwa: jengeni, ila pembeni. Viwanja vya misheni za zamani kwa kawaida si vya kubanana, na wamisionari wa CMS, wale Waanglikana wa Uingereza, walifika Mpwapwa 1876, miaka mingi kabla ya reli kufika hapa, hakuna mji mwingine Dodoma wenye historia ya hivyo na nyie mnataka kuifukia chini ya jamvi la zege. La zamani lifanyeni ukumbi wa kwaya, darasa, chumba cha kumbukumbu, misa ya asubuhi ya wazee. Gharama ya kubomoa na kusomba kifusi iingizeni kwenye paa la zamani.

Wafadhili wa makanisa wapo lakini wanaangalia hadithi. Kanisa Kuu la Anglikana Unguja, lile lililojengwa kwenye soko la watumwa, lilikarabatiwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na World Monuments Fund, na 2016 pakafunguliwa kituo cha historia ya utumwa, na ibada zinaendelea mpaka leo. Walipata kwa sababu walionyesha wageni watajifunza nini pale. Nyie mna hadithi ya misafara ya zamani ya njia ya kati, ile ya kutoka pwani kwenda bara, ya wamisionari wa kwanza waliozikwa huku bara. Iandikeni kurasa mbili, piga picha za ndani na nje, za ufa na vile vidonge na tarehe zake, mpelekee Askofu kwanza, halafu Ubalozi wa Ujerumani ambao Wizara yao ya Mambo ya Nje ina programu ya kuhifadhi utamaduni tangu 1981, na British Council wenye mfuko wa kulinda urithi ambao Tanzania imo. Msipeleke barua ya "tunaomba msaada wa kukarabati kanisa" tupu, hizo wanapokea nyingi na haziendi popote.

*

Mambo mzee! Sisi vijana wa Kongwa tuna kikundi, tunataka kuokoa mabaki ya kambi za wapigania uhuru. Nyumba zinabomoka, watu wanachukua matofali na mabati. Tupate wapi ufadhili? Tumesikia UNESCO na pia ile asilimia kumi ya halmashauri. – Kikundi, Kongwa

Poa wanangu, na hili swali limenifurahisha kuliko yote, nikianza kuongea Kongwa huwa siachi.

Wengi wanapita pale wanaona magofu hawajui wanakanyaga nini. Kwanza ni ule mradi wa karanga wa Mwingereza ulioanza 1947 ukafa 1951, trekta kibao, hela nyingi mno, karanga hakuna, ardhi ngumu na mvua haikutabiriwa. Wakaacha majengo na kipande cha reli. Halafu katikati ya miaka ya 1960 palepale kwenye magofu ya Mwingereza wakapewa wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia, ANC ya Afrika Kusini, MPLA ya Angola na wengine. Yaani mradi wa mkoloni ulioshindwa ukawa kambi ya kumwondoa mkoloni, wala hamhitaji mwandishi wa tamthilia hapo.

UNESCO 2005 ilipitisha programu ya urithi wa ukombozi wa Afrika na Tanzania ndiyo ina jukumu kubwa, hapa nchini iko chini ya wizara yenye utamaduni. Lakini UNESCO haitoi hela kwa kikundi cha kijiji ukiandika imeili, msidanganyane. Hata wenzenu wa Kondoa wenye michoro ya miambani, ambayo ni urithi wa dunia tangu 2006, fedha za urithi wa dunia zinahusu miamba iliyoorodheshwa, boma la Mjerumani lililopo mjini Kondoa halipati hata ndoo ya rangi kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo nyie kazi yenu ya kwanza hailipiwi na mtu na haihitaji hela nyingi. Rekodini wazee. Waliouza maziwa kambini, waliooa au kuolewa na wapiganaji, wanaojua makaburi yako wapi na ya nani. Simu yenu inatosha, kaeni sehemu isiyo na upepo, mwulizeni mzee jina, kijiji, alikuwa na umri gani, halafu mwacheni aongee, hifadhini nakala sehemu mbili. Nyumba ya matofali inaweza kusubiri mwaka mmoja, mzee wa miaka 85 hasubiri.

Ya pili ni kuzuia wizi wa matofali, na hiyo ni siasa ya kijiji. Nendeni kwenye mkutano wa kijiji, kama eneo ni la kijiji au la halmashauri ijulikane kwenye muhtasari, ombeni halmashauri itunge sheria ndogo. Mfadhili yeyote mwenye akili swali lake la kwanza litakuwa ardhi ni ya nani, hapo mtamwonyesha muhtasari wenye muhuri.

Asilimia kumi: hiyo ni mkopo unaotengwa kwenye mapato ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, haina riba lakini inarudishwa. Ukikopa ukapaka rangi gofu utarudisha na nini? Kopeni kwa kitu kinachoingiza, chakula cha wageni, usafiri kutoka barabara kuu, kutembeza wanafunzi. Shule zinahitaji ziara, na wabunge wanakaa saa mbili kutoka kwenu. Kikundi kiwe kimesajiliwa, chenye akaunti na katiba.

Na balozi za nchi husika, Namibia, Afrika Kusini, Msumbiji, Angola. Watu wao walilala pale, wengine wamezikwa pale. Barua yenye majina ya makaburi na picha inasomwa tofauti kabisa na barua ya maombi.

Mkitaka kuona mfano nendeni Iringa, kuna lami moja kwa moja kupitia Mtera. Boma la Iringa lilijengwa enzi za Mjerumani kama hospitali, likaja kuwa ofisi za serikali, na 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa kwa fedha za Umoja wa Ulaya kupitia Chuo Kikuu cha Iringa. Msiangalie maonyesho tu, angalieni kona za kahawa na duka la vikapu, waulizeni nani analipa umeme na mlinzi. Mikindani, kule Mtwara, nako boma la Mjerumani liliokolewa na shirika la hisani la Kiingereza likawa hoteli. Mfadhili anakarabati mara moja anaondoka, mlinzi anataka mshahara kila mwezi, na wafadhili wengi siku hizi wanataka kuona mtamlipaje kabla hawajatoa shilingi.

*

Habari. Nyumbani kwetu Bahi bibi bado ana tembe la asili, yeye anaishi humo hataki bati. Wajukuu tunataka libaki kama kumbukumbu hata akiondoka. Mchwa wameanza na paa linadondosha udongo. – Mjukuu wa Kigogo

Bibi ana akili. Kwenye jua la Bahi ndani ya tembe kuna baridi kuliko kwenye hiyo nyumba yako ya bati, kalale uone.

Tembe haliishi kwa kukarabatiwa mara moja, linaishi kwa kufanyiwa kazi kila mwaka. Ndiyo maana yanapotea, baada ya Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 70 watu walihamishiwa vijijini wakaambiwa wajenge nyumba bora, na ile kazi ya pamoja ya kila mwaka ikakatika. Novemba kabla ya mvua pandeni, toeni udongo uliolegea, angalieni fito na majani chini yake, zilizooza badilisheni, mrudishe udongo wa kichuguu uliokandwa, mpate mteremko kidogo kwenda nje maana maji yakisimama juu ndiyo yanaua. Lakini msiwe mnaongeza tu udongo juu ya udongo kila mwaka bila kutoa wa zamani, uzito unavunja boriti. Mchwa wafuateni kwenye zile njia zao za udongo zinazopanda nguzo, vunjeni kila wiki, na nguzo iliyoliwa chini iegemezeni kwanza kwa nyingine ndipo muing'oe. Nguzo mpya chagueni mti mgumu, na bibi mwenyewe anajua upi, mwulizeni.

Hela? Hii haihitaji mfadhili, inahitaji wajukuu Novemba na pombe ya kuwapa majirani. Mkitaka kujua linavyotakiwa kuonekana kuna tembe la Kigogo Kijiji cha Makumbusho Dar es Salaam, lakini kusema kweli lenye moshi wa jiko la bibi lina thamani zaidi. Pigeni picha kila hatua ya kazi, andikeni majina ya kila mti kwa Kigogo.

*

Kwa kuwa SGR, reli mpya ya umeme, imekuja, stesheni ya zamani ya Dodoma itavunjwa? – Abiria

Sijasikia mpango huo. Treni za umeme Dar mpaka Dodoma zilizinduliwa rasmi Agosti 1, 2024 na zina stesheni yao mpya, lakini reli ya zamani bado inafanya kazi kwenda Tabora, Kigoma na Mwanza, kwa hiyo jengo bado lina kazi na jengo lenye kazi ndilo lenye usalama. Ni mali ya Shirika la Reli, na jirani yake kuna hoteli ya zamani ya reli. Kama una wasiwasi usisubiri mpaka waweke uzio wa mabati, andika barua sasa hivi kwa Shirika la Reli, nakala Idara ya Mambo ya Kale na Mkurugenzi wa Jiji, omba stesheni itangazwe jengo la kumbukumbu. Ambatanisha picha na tarehe, peleka kwa mkono, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.